Betri Mbili, Taa Zilezile: Kukokotoa Sakiti kwa Njia ya Macho ya Wavu

Katika nyumba nyingi za vijijini ambako waya za umeme hazijafika, au zimefika lakini umeme hukatika mara kwa mara, betri ya gari ya volti 12 ndiyo inayowasha taa, redio na kuchaji simu. Ichukuliwe nyumba mojawapo ya namna hiyo katika kata ya Izigo, wilayani Muleba, mkoani Kagera, iliyozungukwa na migomba na mibuni. Mwenye nyumba ana betri nzima. Ana pia betri kuukuu iliyoondolewa kwenye gari. Yeye, kama wengine wengi, anawaza kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Basi anaziunganisha betri zote mbili sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, na kuzielekeza kwenye taa zilezile. Anatazamia mwanga zaidi na usiku mrefu zaidi. Je, atavipata?

Swali hili haliwezi kujibiwa kwa Kanuni ya Ohm peke yake. Kanuni hiyo, isemayo kuwa volteji ni zao la mkondo na ukinzani, yatosha pale penye chanzo kimoja cha umeme na vikinza vinavyoweza kukusanywa, kimoja baada ya kingine, mpaka kibaki kimoja tu. Katika sakiti ya nyumba hii vyanzo ni viwili, kila kimoja kwenye tawi lake, na hakuna vikinza viwili vinavyoweza kukusanywa pasipo chanzo kuwa katikati yao. Aghalabu hapo ndipo mwanafunzi huanza kubahatisha: hujumlisha volteji zisizojumlishika, au hugawa mkondo nusu kwa nusu kwa sababu tu betri ni mbili. Iko njia ya hakika, nayo haihitaji hesabu zaidi ya zile za milinganyo miwili ya pamoja.

Wavu na macho yake

Mvuvi wa Ziwa Viktoria autazamapo wavu wake huona mambo matatu: nyuzi, mafundo ambapo nyuzi hukutana, na macho, yaani zile nafasi zilizozungukwa na nyuzi. Wavu wa dagaa una macho madogo, wa sangara una macho makubwa. Lakini katika wavu wowote ule, jicho ni nafasi isiyokatwa na uzi mwingine ndani yake. Sakiti ya umeme ina umbo hilohilo. Nyuzi zake ni matawi, na kila tawi laweza kubeba betri, kikinza au vyote viwili. Mafundo yake ni sehemu ambapo matawi matatu au zaidi hukutana. Jicho la sakiti ni mzunguko uliofungika usiokuwa na tawi jingine ndani yake. Si kila mzunguko ni jicho. Ukingo wa nje wa wavu nao ni mzunguko uliofungika, lakini haupaswi kuhesabiwa, kwa kuwa habari zake zote zimekwisha kusemwa na macho yaliyo ndani yake.

Kanuni mbili zinazotawala wavu huo zilitangazwa mwaka 1845 na Gustav Kirchhoff, ambaye wakati huo alikuwa bado mwanafunzi wa umri wa miaka 21 katika Chuo Kikuu cha Königsberg. Ya kwanza yasema kwamba mikondo inayoingia katika fundo, ikijumlishwa, ni sawa na mikondo inayotoka. Ya pili yasema kwamba ukizunguka mzunguko wowote uliofungika, jumla ya misukumo ya umeme ya betri ni sawa na jumla ya volteji zinazotumiwa na vikinza vya mzunguko huo. Kwa kanuni hizo mbili sakiti yoyote yaweza kukokotolewa. Tatizo ni wingi wa kazi, maana kila tawi huleta mkondo wake usiojulikana, na kila kisichojulikana hudai mlinganyo wake.

Mwanafizikia James Clerk Maxwell ndiye aliyeona namna ya kupunguza kazi hiyo. Badala ya kuuliza mkondo wa kila tawi, aliwaza mkondo mmoja unaozunguka ndani ya kila jicho, mithili ya maji yanayozunguka kisimani. Tawi lililo ukingoni hubeba mkondo wa jicho moja tu. Tawi lililo kati ya macho mawili hubeba tofauti ya mikondo ya macho hayo. Maxwell alifariki mwaka 1879, na mwaka 1885 mwanafunzi wake J. A. Fleming, ambaye baadaye alisifika kwa kuvumbua vali ya redio, aliieleza njia hiyo kwa kirefu.

Uzuri wa wazo hilo ni kwamba kanuni ya kwanza ya Kirchhoff hutimia yenyewe. Mkondo unaozunguka ndani ya jicho, kila uingiapo katika fundo, hutoka mara moja katika fundo hilohilo. Hakuna kinachobaki wala kinachopungua. Kwa hiyo milinganyo ya mafundo haiandikwi tena. Hubaki ile ya macho tu, na idadi yake ni idadi ya matawi, kutoa mafundo, kujumlisha moja. Sakiti ya Izigo ina matawi 3 na mafundo 2. Macho yake basi ni 2.

Hesabu ya nyumba ya Izigo

Betri ya gari huwa na seli sita, kila moja ikitoa volti 2.1 hivi inapokuwa imejaa. Betri nzima ina volti 12.6. Katika betri kuukuu hutokea mara nyingi kwamba seli moja imekufa, kwa mfano kwa sababu unga wa risasi ulioporomoka kutoka kwenye sahani zake umelundikana chini na kuziunganisha. Hubaki seli tano, yaani volti 10.5. Tuseme ukinzani wa betri nzima pamoja na waya zake ni omu 0.1, wa betri kuukuu ni omu 0.2, na taa zote kwa pamoja zina ukinzani wa omu 4.

Mwanafunzi achore matawi matatu yaliyosimama wima, yaliyounganishwa juu kwa waya mmoja na chini kwa waya mwingine. Kushoto aweke betri nzima, katikati betri kuukuu, kulia taa. Ncha za chanya za betri zote mbili zielekee juu. Macho mawili yanaonekana wazi: la kushoto kati ya betri na betri, la kulia kati ya betri kuukuu na taa. Katika kila jicho achore mshale unaozunguka kama mwendo wa saa, auite wa kushoto I₁ na wa kulia I₂. Mwelekeo wa mishale ni hiari ya mchoraji, mradi yote ifuate mwendo mmoja.

Katika jicho la kushoto, mkondo I₁ husukumwa na betri nzima na kupingwa na betri kuukuu, kwa kuwa huishukia kutoka juu. Msukumo uliobaki ni volti 12.6 kutoa 10.5, yaani 2.1. Ukinzani wa omu 0.1 hupitiwa na I₁ peke yake, bali ule wa omu 0.2 uko kati ya macho mawili, kwa hiyo hupitiwa na I₁ kutoa I₂:

0.1 I₁ + 0.2 (I₁ − I₂) = 2.1

Katika jicho la kulia msukumo ni wa betri kuukuu peke yake:

0.2 (I₂ − I₁) + 4 I₂ = 10.5

Milinganyo yote miwili ikizidishwa kwa 10 na kukusanywa, hupatikana:

3 I₁ − 2 I₂ = 21
−2 I₁ + 42 I₂ = 105

Hapa ipo alama nzuri ya kujihakikishia kabla ya kuendelea. Namba 3 ni jumla ya ukinzani wote wa jicho la kwanza, 42 ni jumla ya ukinzani wote wa jicho la pili (zote zikiwa zimezidishwa kwa 10), na −2, iliyojitokeza mara mbili, ni ukinzani wa tawi ambalo macho hayo yanashirikiana. Mishale yote ikifuata mwendo mmoja na vyanzo vyote vikiwa betri, sura hiyo haibadiliki hata macho yakiwa kumi. Mwalimu anayesahihisha madaftari arobaini ataigundua milinganyo yenye kasoro kwa kuitupia jicho tu.

Kutoka mlinganyo wa pili, I₁ = 21 I₂ − 52.5. Ikiingizwa katika ule wa kwanza, 61 I₂ = 178.5. Basi I₂ ni ampea 2.93, na I₁ ni ampea 8.95.

Betri nzima inatoa ampea 8.95. Taa zinapokea ampea 2.93. Betri kuukuu, iliyoletwa ili isaidie, inatoa I₂ kutoa I₁, yaani ampea −6.02.

Habari iliyomo katika alama ya kutoa

Wanafunzi wengi wafikapo hapa huifuta alama hiyo, wakidhani wamekosea, au huiacha bila kuifikiria. Alama hiyo si kosa la hesabu, tena ndiyo jibu la swali la mwenye nyumba. Inasema kwamba mkondo katika tawi la katikati unashuka badala ya kupanda. Betri kuukuu haitoi umeme, inaula. Zaidi ya theluthi mbili ya jasho la betri nzima inaingia katika betri mbovu kabla taa hazijapata kitu.

Hasara hiyo yapimika. Betri nzima ingeachwa peke yake na taa, mkondo ungekuwa 12.6 kugawa kwa 4.1, yaani ampea 3.07, na taa zingepata wati 37.8. Baada ya kuongezewa mwenzake, taa zinapata wati 34.2. Mwanga umepungua, haukuongezeka. Na ikiwa betri nzima ina uwezo wa ampea-saa 60, basi peke yake ingewasha taa hizo kwa muda unaokaribia saa 19 na nusu. Ikiwa na mwenzake haitafika saa 7. Taa zilizowashwa saa moja jioni zitazimika kabla ya jogoo wa kwanza.

Mwanafunzi mwenye bidii atapenda kuthibitisha hesabu kwa kufuatilia nishati. Betri nzima hutoa wati 112.8. Taa huchukua 34.2, ukinzani wa betri nzima na waya zake 8.0, ukinzani wa betri kuukuu 7.3, na kemikali za betri kuukuu 63.3. Jumla ni 112.8. Hakuna kilichopotea njiani, na hiyo ni ithibati bora kuliko kuangalia majibu nyuma ya kitabu.

Balaa haliishi kwa kuzima taa. Swichi ikikatwa, jicho la kulia hufunguka na I₂ huwa sifuri, lakini jicho la kushoto limebaki zima kama lilivyokuwa. Mlinganyo wake sasa ni 0.3 I₁ = 2.1, na I₁ ni ampea 7. Watu wamelala, nyumba ina giza, na betri nzima inaendelea kumwaga ampea 7 ndani ya betri mbovu.

Ikumbukwe kwamba hesabu hii ni ya dakika za mwanzo. Betri si kitu kisichobadilika: seli tano zilizo hai zikiendelea kuchajiwa, volteji yake hupanda na mkondo hupungua. Hata hivyo hiyo si faraja kubwa, kwa sababu seli za risasi na asidi zilizojaa, zikilazimishwa kupokea mkondo, huanza kuyavunja maji ya asidi na kutoa hidrojeni. Gesi hiyo, ikijikusanya katika chumba kisichopitisha hewa ambamo pana kibatari, yaweza kulipuka.

Njia ya macho huonyesha pia mpaka wa madhara. Betri ya pili huanza kusaidia pale tu msukumo wake unapozidi volteji ambayo betri ya kwanza ingezipa taa peke yake, ambayo hapa ni volti 12.29. Kwa hiyo betri mbili zinazolingana kwa umri na hali husaidiana vizuri: 10.5 ikibadilishwa kuwa 12.6, betri ya kwanza hutoa ampea 2.07 na ya pili ampea 1.03. Lakini volti 12.0, ambazo wengi wangeziona si haba, bado hufanya betri ya pili kula karibu ampea 1. Asiye na hakika na atumie swichi ya njia mbili, awashe betri moja kwa zamu, au aweke dayodi katika tawi la betri ya pili ili mkondo usiweze kurudi nyuma. Dayodi hupunguza volteji kidogo, lakini hiyo ni bei nafuu.

Waya za kijijini na waya za Taifa

Kwa miaka mingi mkoa wa Kagera haukuunganishwa na gridi ya Taifa, na sehemu kubwa ya umeme wake ilitoka Uganda kwa njia ya kilovolti 132 kutoka Masaka hadi kituo cha Kyaka. Njia inayolishwa kutoka upande mmoja namna hiyo, na kugawanyika kadiri inavyokwenda, ina umbo la mti. Mti hauna macho. Mkondo wa kila kipande chake ni jumla ya mahitaji ya wote walio mbele, na kwa kuupata yatosha kujumlisha. Lakini mti una udhaifu wake: mkaratusi mmoja ukiangukia waya, wote walio mbele ya hapo hubaki gizani.

Wahandisi huukwepa udhaifu huo kwa kuifunga njia iwe pete, au kwa kuiletea chanzo cha pili. Mtambo wa megawati 80 wa maporomoko ya Rusumo katika mto Kagera, ambao Tanzania, Rwanda na Burundi zinaumiliki pamoja, ni mfano wa chanzo kinacholeta macho katika wavu wa eneo la maziwa makuu. Mara tu jicho linapopatikana, kujumlisha hakutoshi tena, kwa kuwa mkondo una njia zaidi ya moja.

Tuseme kituo kinalisha vijiji viwili kwa pete. Kutoka kituo hadi kijiji cha kwanza ukinzani ni omu 1, kutoka cha kwanza hadi cha pili omu 1, na kutoka cha pili kurudi kituoni omu 2. Kijiji cha kwanza huchukua ampea 10, cha pili ampea 20. Mkondo wa kipande cha kwanza ukiitwa x, wa kipande cha pili ni x − 10, na wa kipande cha tatu ni x − 30. Jicho ni moja, na ndani ya pete yenyewe hakuna msukumo wowote; basi x + (x − 10) + 2(x − 30) = 0, na x ni ampea 17.5. Kijiji cha pili kinapata ampea 7.5 kupitia kwa jirani na 12.5 kwa njia yake ya upande wa pili. Alama ya kutoa inajitokeza tena katika kipande cha tatu, −12.5, na hapa ni habari njema: umeme unakuja kutoka upande wa pili. Waya wa kipande cha tatu ukikatika, kipande cha kwanza hapana budi kibebe ampea zote 30, na unene wa waya wake uchaguliwe kwa kuifikiria siku hiyo. Katika umeme wa mkondo geu ukinzani huandikwa kwa namba changamano, lakini milinganyo hubaki na sura ileile.

Pasipofaa njia hii

Isidhaniwe kwamba kila sakiti hufaa kutendewa hivi. Nyumba yenye taa kumi zilizounganishwa sambamba kwenye betri moja ina macho kumi, na kuandika milinganyo kumi kwa ajili yake ni kujitesa. Mafundo yake ni mawili tu, na kutafuta volteji iliyo kati ya mafundo hayo humaliza kazi kwa mlinganyo mmoja. Kwa kawaida, ahesabu mwanafunzi macho na mafundo kabla ya kushika kalamu. Kadhalika, sakiti ambayo haiwezi kuchorwa karatasini pasipo waya kurukana haina macho yanayotambulika, na kwa hiyo haikokotoleki kwa njia hii kama ilivyoelezwa hapa.

Jaribio la darasani

Hayo yote yaweza kuonekana katika shule isiyo na maabara kubwa. Panahitajika betri mbili za tochi, moja mpya ya volti 1.5 na nyingine iliyotumika ambayo imeshuka hadi volti 1.2 hivi, vikinza viwili vya omu 1, vikinza vingine vya omu 10, 4 na 2, na ameta ambayo sifuri yake iko katikati. Kila betri iunganishwe na kikinza cha omu 1 katika tawi lake, na ameta iwekwe katika tawi la betri kuukuu. Badala ya taa kiwekwe kikinza cha omu 10. Kwa kuwa betri za tochi hazikutengenezwa ili zichajiwe, kila kipimo kichukue sekunde chache tu.

Kabla ya kufunga swichi, wanafunzi wakokotoe kwanza. Kwa omu 10 watapata kuwa tawi la betri kuukuu lina ampea −0.09, na mshale wa ameta utalala upande wa kinyume. Kwa omu 4 watapata sifuri, na mshale utasimama katikati karibu kabisa. Kwa omu 2 watapata ampea 0.12 chanya: mzigo umekuwa mkubwa kiasi kwamba betri mpya haiwezi tena kuubeba na kumlisha mwenzake, na betri kuukuu inaanza kufanya kazi. Vipimo vitapishana kidogo na hesabu, kwa sababu betri zenyewe zina ukinzani wa ndani, na ule wa betri kuukuu ni mkubwa zaidi. Wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita waweza kuutumia upungufu huo kuukadiria ukinzani wenyewe.